Binti na Dubwana: Filamu Zinazowagombanisha Wazazi

Shule zikifungwa, swali hili huzunguka Mombasa kutoka Kisauni hadi Likoni, kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi na kwenye vibaraza vya Mji wa Kale: zile katuni ambazo msichana mdogo anapanda mgongo wa joka, ama analelewa na mbwa mwitu mkubwa kuliko farasi, zafaa watoto? Mmoja atasema ni mchezo tu, waacheni wanafurahi. Mwingine atasema ni majini yaliyopakwa rangi. Wa tatu hajaitazama hata moja, ila ametumiwa ujumbe uliokwisha kusambazwa mara elfu, na kwa kawaida huyo ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Ubishi hauishi kwa sababu mambo matatu tofauti yametiwa katika kapu moja. Tuyatenganishe.

Uhuishaji ni namna ya kutengeneza filamu: picha zisizosonga hupangwa zifuatane upesi hadi jicho lione mwendo. Neno hilo halisemi lolote kuhusu umri wa mtazamaji. Kuna uhuishaji wa watoto wachanga, kuna wa vita, kuna wa mapenzi, kuna hata wa kutangaza sabuni. Fantasia ni aina ya hadithi, yenye ulimwengu unaokwenda kwa kanuni zake: wanyama husema, mlima una kisirani, na wote waliomo humo huona ni jambo la kawaida. Dubwana, katika makala haya, ni kiumbe mwenye nguvu kupita mtu, ambaye mtu hawezi kummiliki. Hilo la kumiliki tulishike, maana ndilo litakalotufikisha mbali. Filamu ya paka wa nyumbani anayezungumza haimo katika kundi hili, hata paka huyo akiwa na ulimi mkali namna gani.

Sasa tuone dubwana hutengenezwaje, kwani hapo ndipo uvumi wa kwanza huzaliwa, ule wa kwamba siku hizi kompyuta hufanya kila kitu yenyewe.

Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Filamu ya dakika 90, basi, ina picha 129,600. Anayechora kwa mkono halazimiki kuchora zote, kwa kuwa mara nyingi mchoro mmoja hutumika kwa picha mbili na jicho halilalamiki. Hata hivyo kazi ni ya kuvunja mgongo. Filamu ya Kijapani iitwayo Princess Mononoke, iliyoongozwa na Hayao Miyazaki katika Studio Ghibli na kutolewa mwaka 1997, ilihitaji michoro ipatayo 144,000, na inaelezwa kwamba takriban 80,000 kati yake ilipita mikononi mwa Miyazaki mwenyewe akiisahihisha. Kompyuta ilitumika katika sehemu chache tu.

Katika filamu zinazotengenezwa kwa kompyuta, dubwana hujengwa. Kwanza umbo la nje, ndani yake mifupa ya kubuni yenye viungo, kisha misuli, ngozi, na mwisho magamba au manyoya. Mhuishaji hushika kiungo kimoja kimoja na kuamua kisogee lini na kwa kasi gani. Mtazamaji hudhani kibarua ni joka kutema moto. Wenyewe watakwambia kibarua ni mkono wa mtoto kuzama katika manyoya ya shingo: kila unywele ulale kidole kinapopita, uinuke kidole kikiondoka, na ngozi iliyo chini ibonyee kidogo, la sivyo mkono utaonekana unaelea hewani. Halafu kuna uzito. Mnyama wa tani kumi akitua, bega hushuka kabla ya kichwa, tumbo hutikisika baadaye, vumbi hufuata. Ndiyo maana wahuishaji hutumia muda mwingi kuwatazama tembo wakitembea, popo wakiruka, paka wakijinyoosha. Dubwana lililobuniwa vizuri limejaa vipande vya wanyama wa kweli, na bila hivyo hakuna mtoto ambaye angeliogopa wala kulipenda.

Sikuutaja ule mkono katika manyoya kwa bahati. Karibu kila filamu ya aina hii ina tukio la mguso wa kwanza, ambapo maneno hukoma na muziki hupungua. Ndilo tukio linalobeba hadithi nzima, na studio hulilinda.

Lakini kugusana ndiyo nini? Ni urafiki? Ni ufugaji? Ni ibada? Hapa ndipo wazazi wanapoachana njia, na hapa ndipo Princess Mononoke inapofaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko nyingi.

Msichana wake anaitwa San. Wazazi wake waliuharibu msitu, na Moro, mbwa mwitu mkubwa mweupe ambaye ni mmoja wa miungu wa msitu huo, alipowakabili, walimtupia mtoto wao mchanga miguuni ili wapate kukimbia. Moro hakumla. Alimlea pamoja na wanawe wawili. San akakua akijiona mbwa mwitu, akiwachukia binadamu, akiuvamia mji wao na kisu mkononi. Mara ya kwanza tunapomwona vizuri anafyonza damu yenye sumu katika kidonda cha mama yake huyo, midomo imejaa wekundu. Si picha ya kubandika kwenye begi la shule.

Upande wa pili yuko Bi Eboshi, mwenye mji wa kufua chuma, anayekata miti na kuchimba mlima. Ukingoja filamu ikuonyeshe kwamba ni mwovu utangoja sana. Ndiye aliyewakomboa wanawake waliouzwa katika madanguro akawapa kazi na heshima. Ndiye aliyewapa wagonjwa wa ukoma mahali pa kukaa wakati kila mtu aliwakimbia. Na risasi yake ndiyo inayomuua Moro polepole. Wote wawili wana haki, na haki zao haziwezi kukaa bonde moja. Mtoto wa miaka sita hana pa kuuweka mzigo kama huo, na watu wazima wengi nao hutoka wamenuna.

San, basi, amepata nini kwa mama wa namna ile? Amepata maisha, ujasiri, kabila. Amelipa kwa kutokuwa wa popote. Moro mwenyewe anasema waziwazi kwamba binti yake si mtu kamili wala si mbwa mwitu kamili. Filamu inapokwisha San hahamii mjini na yule kijana anayempenda. Anarudi msituni, kwa kuwa hawezi kuwasamehe binadamu.

Hiyo ndiyo sarufi ya filamu hizi. Fungamano la binti na dubwana ni mkataba na nguvu isiyokuwa yako. Nahodha wa jahazi anaujua mkataba huo: hamiliki kaskazi, hawezi kuiita wala kuizuia, ila anajua inavuma kati ya Desemba na Machi na ndiyo iliyowaleta wageni kutoka Arabuni hadi bandari hii. Anajua vilevile kwamba kusi ikichacha chombo hakitoki, hata mwenye mali alalame vipi. Anapanda juu ya nguvu hiyo kwa sharti la kuisikiliza, na siku atakayojiona mwenye upepo ndiyo siku ya kuzama. Ukitazama filamu ya binti na dubwana, tafuta sharti liko wapi na nani anayelivunja. Ukilikuta, umeielewa filamu. Usipolikuta, pengine hiyo ni filamu mbovu, na mbovu zipo tele: binti ana moyo safi, mnyama anamwinamia baada ya dakika mbili, na kuanzia hapo yule mfalme wa milima anakimbiakimbia nyuma yake akitingisha mkia. Dubwana limegeuka mbwa wa nyumbani na hakuna aliyelipa chochote.

Mtu atasema mambo haya ni ya kigeni. Aende akawaulize waliolelewa na hadithi za bibi. Mwaka 1870 Edward Steere, mmishonari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu, alichapisha London hadithi alizosimuliwa Unguja, nyingi zikiwa zinasimuliwa pwani yote. Mojawapo ni ya Hamdani, maskini wa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota kijisarafu, ananunua paa. Paa huyo anasema. Anaokota almasi, anampelekea sultani, anamposea bwana wake binti wa sultani. Kisha anakwenda kwenye nyumba ya joka la vichwa saba, analikata vichwa vyote, na nyumba na mali vinakuwa vya Hamdani. Paa mdogo, nguvu za kutisha, mkataba usioandikwa. Paa anapougua, Hamdani anajivuta. Mke wake anamsihi, yeye anaamuru mgonjwa apewe uji wa hovyo, kama si kiumbe aliyemtoa jaani. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Hamdani analala katika kitanda cha kitajiri, na kunapokucha yuko jaani, anachakura. Hakuna mwongozaji wa Tokyo wala wa California aliyewahi kukaza sharti kuliko hivyo.

Nyingine ni ya Sultani Majnuni na paka wake, na hiyo ni mkataba wenye kasoro ya upande wa pili: nguvu iliyolelewa bila sharti lolote. Paka anakula kuku, watu wanashtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka anakula mbuzi, jibu ni lilelile. Ng'ombe, punda, ngamia. Anapokula watoto wa watu bado sultani anamtetea. Anageuka kuwa Nunda mla watu, na sultani anafumbuka macho siku wanawe wanapoliwa. Anayemwua Nunda ni mwanawe wa mwisho, baada ya kuwinda mnyama mmoja baada ya mwingine na kumpelekea mama yake akidhani ndiye, na mama kumwambia siye. Nikiangalia nani alisamehe nini hadi paka akawa dubwana, naona watawala wengi, na si wa hadithini tu.

Ila katika hadithi hizo mhusika mkuu ni mwanamume. Kwa nini katika filamu hizi ni binti?

Katika hadithi za kale za nchi nyingi, binti alikuwa chambo. Anafungwa mwambani, joka linakuja, kijana mwenye panga anatokea. Hata kwetu kuna binti aliyesahau kombe lake, yaani gamba la baharini, ufuoni, akarudi peke yake kulichukua, zimwi likamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Likawa linazunguka vijijini, linapiga, binti anaimba ndani, watu wanalilisha zimwi kwa utamu wa sauti. Lakini tazama jinsi anavyookoka: wazazi wanaitambua sauti yake. Panga halikuhitajika. Filamu za sasa zimeichukua sauti ile na kuigeuza ufunguo. Binti ndiye asiyekuwa na silaha, au ndiye anayeitua, na kwa kuwa hakuwahi kupewa nafasi katika vita vya wakubwa, hana faida ya kuviendeleza. Katika The Sea Beast ya mwaka 2022, msichana yatima mweusi anayeitwa Maisie anajificha katika merikebu ya wawindaji wa madubwana ya bahari, na ndiye anayegundua kwamba vitabu alivyovipenda vilijaa uongo uliotungwa na wafalme ili vita visikome. Wawindaji hawakuwa wajinga, ila waliishi kwa mshahara wa uongo huo. San, kwa upande wake, ana kisu na anakitumia, ndiyo maana namwona ni wa kweli kuliko wengi.

Haya, majini. Swali hili silichezei, maana katika mji huu watu wanayaamini na wana sababu zao za kidini. Nitakachosema ni kilichomo ndani ya filamu. Princess Mononoke imejengwa juu ya imani za Kijapani, ambamo mlima, mti mkongwe au mnyama mkubwa huweza kuwa na roho inayoheshimiwa. Si siri na mzazi hana haja ya kufichwa. Ni haki yake kumwambia mtoto: wale wanaamini vile, sisi twaamini hivi. Lakini filamu haifundishi dua wala kafara, na kiumbe chake kinachofanana zaidi na shetani, yule nguruwe mwitu anayeonekana mwanzoni akitambaliwa na minyoo myeusi, hakuzaliwa hivyo. Tonge la chuma lilimwingia mwilini, maumivu yakazaa chuki, chuki ikamla. (Najua, nguruwe. Kuna nyumba ambazo mazungumzo yatakomea hapo, na ni sawa.)

Joka nalo lina matatizo yake. Msomaji wa Biblia analijua kutoka kitabu cha Ufunuo, ambamo joka ndiye Shetani, na katika hadithi za Ulaya joka hukalia dhahabu na kuchoma vijiji. Lakini Asia ya Mashariki na ya Kusini Mashariki, joka kwa kawaida ni mleta maji na mvua. Sisu, joka katika filamu ya Raya and the Last Dragon ya mwaka 2021, ametoka katika ukoo huo wa maji. Anayelitazama kwa miwani ya Ufunuo ataona binti amefanya urafiki na Ibilisi. Aliyelitunga alikuwa akiwaza mito.

Uvumi mwingine unahusu wanyama halisi: kwamba mtoto akizoea kuona binti akimkumbatia mbwa mwitu, kesho atakwenda kumkumbatia tumbili wa Nyali. Hofu hii ina kichwa na miguu kuliko ile ya majini. Watoto wadogo huchanganya, na tumbili huuma. Mombasa pia ina mfano wake wa kuongeza mkanganyiko, nao ni wa kweli. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga aliyepotelewa na kundi lake aliokolewa karibu na Malindi na kuletwa Haller Park, Bamburi. Akapewa jina Owen. Alijishikiza kwa kobe mkubwa mzee aliyeitwa Mzee, akawa analala ubavuni mwake na kumfuata kila aendako, na picha zao zikazunguka dunia nzima. Wengi walijifunza kutoka kwao kwamba wanyama wana upendo. Wenye hifadhi walijua jambo jingine pia: Owen alikuwa anakua, kiboko mzima ana uzito wa zaidi ya tani moja, naye ni miongoni mwa wanyama wanaoua watu Afrika. Baadaye alitafutiwa kiboko mwenzake. Mwambie mtoto kisa hicho chote, si nusu yake, kisha mwambie kwamba tembo wa Shimba Hills hawajapewa sharti lolote na mtu yeyote.

Uvumi uliobaki ndio wenye madhara zaidi: ni katuni, basi ni ya watoto. Kenya ina bodi ya kuainisha filamu, na alama zake ni nne tu. GE ni ya watu wote. PG ni mtoto atazame akiongozwa na mzazi. 16 na 18 hazitaki maelezo. Alama hizo hazijali kama filamu imechorwa au imeigizwa. Princess Mononoke, kwa mfano, ilipewa daraja la PG-13 Marekani, yaani onyo kwa wazazi wa walio chini ya miaka 13, kwa sababu mshale unakata mikono na kichwa kinaruka, na rangi haipunguzi uzito wa jambo hilo kwa mtoto anayelitazama saa mbili za usiku. Shida ni kwamba filamu nyingi hapa mjini haziji na alama. Zinakuja kwenye fleshi ya jirani, ama kwa kiungo cha mtandaoni, ama zimeingizwa sauti ya msimulizi anayechekesha, na dubwana lililokusudiwa kutisha linazungumza kama makanga wa matatu. Watoto wanacheka, mzazi jikoni anasikia kicheko, anatulia.

Kwa hiyo tazama wewe kwanza, ama tazama naye. Dakika kumi na tano za mwanzo zitakuambia mengi, kwani filamu nyingi huonyesha meno mapema. Aliyefika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu anaweza kubishana nawe kuhusu Eboshi, na atakushinda. Mdogo ambaye bado anaogopa kwenda msalani taa ikizimwa, mwanzishie My Neighbor Totoro, ya Miyazaki huyohuyo, ya mwaka 1988: mabinti wawili, mama yao yuko hospitalini, na dubwana lenye manyoya linalopenda kulala ndani ya mti mkubwa. Haina adui hata mmoja. San anaweza kungoja miaka saba.